Viungo vya Mtoto Mwenye Usonji Visisahauliwe

Katika mji wa Mwanza, na katika vijiji vilivyojipanga ufukweni mwa Ziwa Victoria kutoka Magu mpaka Buchosa, mtoto hujulikana kwa kazi ya mikono yake kabla hajajulikana kwa maneno yake: huyu hutwishwa ndoo akafika nayo nyumbani maji hayajamwagika, yule huanika dagaa juu ya chanja asiwachanganye na mchanga, na mwingine hushika ncha ya wavu baba yake anapouziba matundu, akaufuata mkono wa mzee wake fundo baada ya fundo mpaka naye akaweza. Kwa sababu hiyo mtoto ambaye vidole vyake havimtii, ambaye kikombe humponyoka kila asubuhi, vifungo vya shati humshinda na miguu yake hujikwaa mahali pasipo jiwe, hupewa jina upesi, na jina hilo aghalabu ni mvivu. Akiwa mtoto huyo ana usonji, majina huzidi: huambiwa amerogwa, au ameingiwa na pepo, au ni malipo ya kosa la mama yake, na mama, ambaye ndiye anayemlisha na kumwogesha hata baada ya umri wa kulishwa na kuogeshwa kupita, huachiwa mzigo huo peke yake pamoja na lawama.

Hoja ninayotaka kuiweka mbele ya wasomaji ni kwamba katika huduma haba tunayowapa watoto hawa tumeusahau mwili wao. Kila ifikapo Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 2007 ili dunia iukumbuke usonji, hotuba husomwa juu ya mtoto asiyesema, asiyewatazama wenziwe usoni, arudiaye neno moja au mchezo mmoja kutwa kucha. Na hotuba hizo ni za kweli, maana hizo ndizo alama ambazo matabibu huutambua usonji kwazo. Walakini ni nadra kumsikia msemaji akitaja goti, kiwiko au kidole. Mwaka 2020 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, Anjana Bhat, alipoyapima majibu ya wazazi wa watoto wenye usonji zaidi ya 11,000, alikuta kwamba karibu watoto 87 katika kila 100 wamo katika hatari ya kuwa na shida ya viungo, na kwamba chini kidogo ya theluthi moja tu ndio waliokuwa wakipata tiba ya mazoezi ya viungo hivyo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye mali na matabibu kemkem, msomaji na akadirie mwenyewe hali ya Nansio au Kahunda.

Wala jambo lenyewe si geni kwa wataalamu. Leo Kanner, tabibu wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 habari za watoto 11 na kwa maandiko hayo akaupa usonji nafasi yake katika elimu ya tiba, alitaja kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika kutembea na katika matendo makubwa ya mwili. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna, ambaye jina lake leo lina doa kwa vile alivyowatumikia watawala wa Nazi hata akapeleka watoto mahali walipouawa, alieleza kwa urefu zaidi ugoigoi wa viungo aliouona kwa watoto wake. Baada ya hapo elimu iligeukia maneno na mazungumzo, ikakaa huko miaka mingi, na viungo vikabaki tanbihi.

Sasa wataalamu wamevirudia, na safari hii wamevirudia kwa njia ya ubongo. Ili mtu anyanyue kikombe cha uji, ubongo wake sharti ukisie kabla, kwa kuona na kwa kuhisi, uzito wa kikombe, umbali wake na nguvu itakayotosha, na kama makisio yamekosea uyarekebishe upesi hata mwenye mkono asijue kwamba palikuwa na hesabu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hutendwa na kipande cha ubongo kilichokaa nyuma, karibu na kisogo, kinachoitwa serebela. Mwaka 1985 Margaret Bauman na Thomas Kemper wa Boston waliuchunguza ubongo wa marehemu mmoja aliyekuwa na usonji, wakakuta katika serebela yake upungufu wa seli zile kubwa ziitwazo seli za Purkinje. Na wengine waliochunguza baada yao waliikuta hali hiyo kwa marehemu wengi, ingawa si kwa wote. Mwaka 2009 Stewart Mostofsky na wenzake wa Taasisi ya Kennedy Krieger, huko Baltimore, waliwalaza watoto ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo unaofanya kazi, wakawaambia wagonge vidole vyao kimoja baada ya kingine. Kwa watoto wasio na usonji serebela ilionekana kushughulika barabara. Kwa wenye usonji ilishughulika kidogo, na badala yake zikahangaika zaidi sehemu za mbele, ambazo mtu huzitumia anapofanya jambo ambalo bado hajalizoea. Maana yake, kwa wale waliolisoma jambo hili, ni kwamba tendo ambalo kwa mtoto mwingine limekwisha kuwa mazoea, kwa huyu lingali hesabu mpya kila siku. Basi mwalimu anayeshangaa kwa nini mtoto huyu amechoka baada ya kuandika mistari miwili ana jibu lake hapo.

Utafiti wa pili wa mwaka huo huo, uliofanywa na kundi hilo pamoja na Reza Shadmehr wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, una faida kubwa zaidi kwa mzazi, nami nashangaa kwamba hautajwi mara kwa mara. Watoto walipewa mpini wa mashine iliyokuwa ikiwasukuma mkono upande, wakajifunza kuufikisha mahali palipokusudiwa. Ilidhihirika kwamba watoto wenye usonji walijifunza, tena walijifunza sawa na wenzao, lakini walitegemea mno hisia ya viungo na misuli yao wenyewe kuliko walivyotegemea macho. Na kadiri mtoto alivyozidi kuegemea hisia hiyo ndivyo ilivyokuwa vigumu kwake kuiga matendo ya watu na kuchangamana nao. Kwetu sisi, ambao kila ufundi hufundishwa kwa kutazama, mkubwa akitenda na mdogo akikodoa macho mpaka siku atakapojaribu mwenyewe, matokeo hayo yanatutaka tubadili mwendo. Mtoto huyu kumwambia "nitazame" hakutoshi. Naona ni bora mkono wake ushikwe, tendo litendwe kwa mikono minne, kisha mikono ya mkubwa ilegee kidogo kidogo.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni ya Boston na Baltimore. Yapo ya Tanzania pia. Mwaka 2006 matabibu wa hapa nchini pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha habari za watoto 20 wa Tanzania, 14 kati yao wakiwa wametimiza masharti yote ya kuhesabiwa kuwa na usonji kwa vipimo vya utafiti. Na katika hao, watoto watatu walikuwa wamekua vema mpaka umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakapatwa na malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na walipoinuka kitandani waliinuka na usonji. Kwa watoto wengine wanne ugonjwa mkali na usonji vilikaribiana kwa wakati, ingawa waandishi walionya kwamba ukaribu huo huenda ukawa wa bahati tu. Mmoja wa waandishi hao alikuwa Susan Folstein, yule yule ambaye mwaka 1977, pamoja na Michael Rutter, alichunguza jozi 21 za mapacha na kwa uchunguzi huo akaionyesha dunia kwamba usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mtu wa namna hiyo akitia jina lake chini ya maneno yasemayo kwamba maradhi ya kuambukiza huenda yakawa sababu ya kawaida ya usonji nchini Tanzania, maneno hayo yanastahili kusikilizwa Mwanza, Geita, Mara na Kagera, mahali ambapo malaria ni mwenyeji. Watoto watatu hawatoshi kujenga sheria ya elimu. Wanatosha kutufanya tumwulizie mtoto aliyepona degedege baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, si kwa mizani ya uzito peke yake, bali kwa kumpa kijiko, kumpa mpira, na kutazama anavyovishika.

Vipimo vya kufanya hivyo havihitaji kuagizwa ng'ambo. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya viungo na akili za watoto wadogo kwa kutumia vitu vinavyopatikana hapo hapo kijijini, kwa watoto wasemao Kigiriama na Kiswahili, na kikaonekana kufaa. Kilichowezekana Kilifi hakiwezi kuishinda kliniki ya Sengerema.

Niingie sasa katika tiba yenyewe, ambayo katika utumishi wa serikali yetu huitwa tiba kwa vitendo, na watu wengine huita tiba kazi. Ilianza kuwa taaluma yenye chama chake mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs katika jimbo la New York, na vita vya kwanza vya dunia viliikuza, kwa kuwa askari waliorudi na mikono iliyovunjika na nafsi zilizovunjika walihitaji kurudishwa katika shughuli za maisha. Mfiziotherapia huutazama msuli, kiungo na mwendo wake. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na shughuli: mtoto huyu anataka kufanya nini, au nyumba yake inamhitaji afanye nini, na kitu gani kinamzuia? Basi huketi akamtazama mtoto akinawa, akila, akivaa, akienda msalani, akishika kalamu; hulikata tendo vipande vipande, na kila kipande akakitafutia njia.

Mathalani vifungo vya shati. Wazazi wengi humpa mtoto shati na kumwambia afunge kuanzia juu, naye hushindwa na cha kwanza, akalia, na mama akamalizia kwa haraka kwa sababu kengele ya shule imekaribia. Mtoa tiba huligeuza jambo: mama hufunga vifungo vyote, na cha mwisho hukipitisha nusu ya tundu, akamwachia mtoto nusu iliyobaki aivute. Mtoto huvuta, shati likafungika, na tendo likaishia mikononi mwake. Wiki inayofuata huachiwa kifungo kizima, baadaye viwili, na hivyo hivyo kwenda nyuma mpaka mwanzo. Kadhalika kufunga kamba za viatu, kuoga, kutandika kitanda. Njia nyingine iliyobuniwa Kanada na Helene Polatajko na wenzake humfundisha mtoto mwenye ufahamu wa kutosha ajiulize mwenyewe: kusudi langu nini, nitafanyaje, nifanye, je, imefaulu? Ni njia ya subira, haina dawa ndani yake wala mashine.

Tena vyombo vyake vimetuzunguka. Katika miji ya ng'ambo vyumba vya tiba hii hujengewa bembea, ngazi za kupanda na mawe ya kubuni yaliyogandishwa ukutani, na wazazi hulipa fedha nyingi ili watoto wao wayapande; nasi Mwanza tumekaa juu ya mawe ya kweli, makubwa kuliko nyumba, na aghalabu twamkataza mtoto kuyakaribia. Mchezo wa mdako, wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijashuka, umekusanya karibu kila kitu ambacho mtoa tiba angelitaka: jicho na mkono kushirikiana, kupima muda, kushika na kuachia. Kuruka kamba, kucheza rede, kuhesabu kete za bao na kuzitia shimoni moja moja, kuchagua mawe katika mchele, kukanda unga: yote hayo ni mazoezi, yakichaguliwa na mtu ajuaye mtoto anahitaji lipi na kwa kipimo gani. Sisemi hata kidogo kwamba mtoto apelekwe mwaloni kufanya kazi ya watu wazima kwa kisingizio cha tiba. Wapo watoto wa kutosha huko ambao mahali pao palikuwa darasani. Wala si kila mtoto atavumilia kila kitu, kwa kuwa wengi wenye usonji huumizwa na mguso, harufu au kelele ambayo sisi hatuitii maanani, na mtoto atakayetapika kwa harufu ya dagaa hapaswi kulazimishwa kuwashika dagaa. Hapo ndipo ujuzi wa mtaalamu unapohitajika, na ndipo jitihada ya mzazi peke yake inapokoma.

Uaminifu unanipasa kusema pia mahali ambapo ushahidi wa tiba hii umesimama. Jean Ayres, mtoa tiba kwa vitendo wa California aliyefariki mwaka 1988, alifundisha kwamba ubongo wa baadhi ya watoto hushindwa kuzipanga pamoja habari za ngozi, misuli, masikio na macho, na kwamba bembea, mguso na kupanda vikitumiwa kwa utaratibu vitausaidia kuzipanga. Mwaka 2014 Roseann Schaaf na wenzake walitangaza matokeo ya watoto 32 wenye usonji: waliopewa tiba ya Ayres mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi waliyafikia zaidi malengo waliyowekewa na wazazi wao, na walihitaji msaada mdogo zaidi katika kujihudumia. Lakini mwaka 2022 uchunguzi mkubwa zaidi, uliofanywa Wales na Uingereza kwa watoto 138, haukuona kwamba tiba hiyo iliwatuliza watoto wala kuzipunguza ghadhabu zao kuliko huduma ya kawaida. Nafuu iliyoonekana ilikuwa katika yale malengo mahususi ambayo mzazi na mtaalamu waliyaweka pamoja. Kwa maoni yangu matokeo hayo mawili hayapigani kama yanavyodhaniwa. Yote mawili yanatuambia kwamba mtoto hujifunza kile anachofundishwa: akifundishwa kijiko atajua kijiko, na hapana haja ya kumwahidi mzazi kwamba kwa kijiko hicho usonji utaondoka.

Nalisema hili kwa sauti kwa sababu picha za ubongo zina mvuto wake, na penye mvuto wafanyabiashara hawako mbali. Akija mtu Mwanza na kipeperushi chenye ubongo uliopakwa rangi nyekundu na buluu, akidai kwamba mazoezi yake au vidonge vyake vitauumba upya ubongo wa mtoto kwa miezi miwili, mzazi amwulize ni tendo gani mtoto atakaloliweza siku ya mwisho ambalo hakuliweza siku ya kwanza. Akikosa jibu, fedha zibaki mfukoni. Usonji si uchafu wa kuoshwa. Ni namna ya kuumbwa ambayo mtu huishi nayo aushi yake, na wapo watu wazima wenye usonji wanaosema hivyo kwa vinywa vyao na kwa kalamu zao.

Hata hivyo ubongo hubadilika kwa kazi ya mikono, na jambo hilo halina shaka tena. Wasukuma wanayo ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo mmoja, na mtu aendaye Bujora, Kisesa, katika siku za Bulabo mwezi wa Juni huwaona vijana wakiyafanya hayo kana kwamba jembe lina kamba ya kulirudisha mkononi. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani, akiwamo Bogdan Draganski, waliwafundisha vijana wasiojua kitu kurusha na kudaka mipira mitatu kwa muda wa miezi mitatu, wakaupiga picha ubongo wao kabla na baada. Sehemu za ubongo zinazofuatilia kwa jicho kitu kiendacho zilikuwa zimenenepa. Kisha vijana waliacha mchezo kwa miezi mitatu, wakapigwa picha tena, na unene ule ulikuwa umepungua. Vijana wale hawakuwa na usonji, wala sitaki kuyachukua matokeo yao nikayabandika kwa mtoto wa Igogo. Ninachokichukua ni ile nusu ya pili ya habari ambayo watu huisahau. Kinachojengwa kwa mazoezi hubomoka mazoezi yakikoma, na kwa hiyo tiba ya mara moja kwa miezi minne, mtoto akaletwa mjini kwa nauli ya mkopo, akatazamwa kwa nusu saa na kurudishwa, ni karibu na kutotibu.

Na hiyo ndiyo tiba ambayo familia nyingi za Kanda ya Ziwa hufikia, zikibahatika. Hospitali ya Bugando, ambayo tangu mwaka 1971 imekuwa kimbilio la mikoa yote inayoizunguka, imo juu ya kilima mjini Mwanza. Mtoto wa Ukerewe huifikia kwa meli ya kutoka Nansio, safari ya saa tatu hivi majini, na hapo sijasema habari za wale wa visiwa vidogo ambao kwanza huvuka kwa mtumbwi. Kweli, tangu mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limewafungulia njia watu wa Sengerema na Geita, na ni neema isiyo na kifani kwa mgonjwa wa dharura. Lakini mtoto anayehitaji kuonwa kila wiki kwa miaka miwili haponi kwa kurahisishiwa safari. Mtaalamu ndiye apaswaye kusafiri, au apaswaye kuishi huko.

Mkoa wa Mwanza kwa sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya milioni 3.6. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani mtu 1 katika 127 ana usonji. Tukiigawa idadi yetu kwa kadirio hilo tunapata watu wapatao 29,000 katika mkoa huu mmoja. Ni hesabu ya kalamu, haikupatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba, lakini hata ikikatwa nusu inabaki kuwa umati wa kuujaza uwanja wa Nyamagana. Mwaka 1978 Victor Lotter alipotangaza kwamba katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili alivyovizuru katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, aliwakuta wenye usonji wachache mno, wapo waliodhani kwamba Afrika imesalimika. Mtoto aliyefichwa chumba cha uani hakuwa katika vituo vile, na wengi wamo chumba cha uani mpaka leo.

Sheria tunazo. Nchi iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo imetaja afya na utengamao kuwa haki. Watoa tiba kwa vitendo wanafundishwa hapa hapa nchini, katika KCMC mjini Moshi; walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Patandi, mkoani Arusha. Asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu, na ni jambo jema, ila mkopo ni wa biashara, na mtoto wa miaka mitano hana duka. Kilichopungua ni nafasi za ajira na utaratibu wa kazi. Katika hospitali ya wilaya mtoa tiba mmoja angeweza kutenga siku mbili kwa wagonjwa waletwao na siku tatu kwa mialo na shule, akikutana na akina mama kumi au kumi na watano pamoja chini ya mwembe, akiwafundisha kifungo, kijiko na mdako, kisha akarudi baada ya wiki mbili kutazama wamefika wapi. Mama huyo ndiye aliye na mtoto siku saba za wiki. Akipewa ujuzi, mazoezi hayatakoma daktari akiondoka. Mwalimu naye afundishwe kumpa mtoto huyu kalamu nene, kiti kinachofikisha miguu yake sakafuni, na muda. Hayo hayangoji mashine ya kupiga picha za ubongo. Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inapoendelea kutungiwa taratibu zake, iitaje tiba hii waziwazi katika mafao, kwa mahudhurio ya mfululizo, pasipo kumtaka mzazi aombe upya kila mara kana kwamba usonji huisha na kurudi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makisio ya watumishi huandikwa miezi mingi kabla yake. Nawaomba madiwani wa halmashauri zote nane za mkoa huu, yaani Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, wawaulize wakurugenzi wao kama nafasi ya mtoa tiba kwa vitendo imo katika ikama ya hospitali yao, na kama imo, nani anaishika. Wazazi nao wasione haya kulisimamisha swali hilo katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, na kulitaka jibu lake liandikwe katika muhtasari.